Chakula cha Jioni Kabla Blessing Hajalala

Saa kumi na mbili jioni, upepo wa Same ukichoka kurusha vumbi, Eunike hufunika cherehani yake. Huaga mafundi wenzake, hupita sokoni, kisha hushika njia ya nyumbani kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa. Hakuna anayemfukuza. Anawahi sufuria.

Eunike anashona nguo karibu na stendi. Mumewe, Aminieli, anaendesha bodaboda. Wana mtoto mmoja, Blessing, wa darasa la tatu. Ni mtoto mwembamba, mwenye maswali mengi asubuhi na usingizi mwingi jioni.

Jioni ya nyumba hiyo ilikuwa ya makande. Mahindi na maharage, sufuria moja, moto mpaka vilainike. Upareni hakuna haja ya kumweleza mtu makande ni nini. Eunike alipoolewa, mama mkwe wake alishuka kutoka Mhezi, kule juu karibu na Chome, akamkalisha jikoni.

"Mwanangu amekulia makande," alimwambia. "Mpe makande, hutamsikia akilalamika."

Eunike aliyashika maneno hayo. Shida ni kwamba makande hayajui kuwa mtu ametoka kazini. Ukiyabandika jua linazama, yanakaa tu pale yanakutazama, magumu kama kokoto. Wakati wa kusubiri, Eunike alichemsha chai. Blessing alikunywa chai na maandazi, akafungua daftari lake juu ya mkeka, akaandika mistari miwili, akalala. Makande yalipoiva, mama alimtikisa.

"Blessing, amka ule."

"Nimeshiba," alijibu Blessing, macho yamefungwa.

Baba na mama walikula. Mtoto alilala na maandazi yake.

Siku moja Blessing alianguka kwenye mchakamchaka shuleni. Mwalimu alimpigia Eunike simu, naye akampeleka mtoto kituo cha afya. Muuguzi alimtoa damu kidogo kwenye kidole, akapima.

"Mama, damu ya mtoto iko chini," alisema. "Nampa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Lakini vidonge haviwezi kufanya kazi peke yavyo. Jioni anakula nini?"

"Makande," alisema Eunike.

"Anakula?"

Hilo swali la pili lilimwingia Eunike kama sindano ya cherehani.

Habari zilipanda mlimani kabla ya gari la jioni. Kesho yake mama mkwe alipiga simu.

"Nasikia mjukuu wangu anaanguka kwa njaa huko mjini."

"Si njaa, mama. Ni damu."

"Damu inatoka wapi kama si kwenye chakula? Sikiliza, Eunike. Sikugombezi. Lakini shule ikifunga nakuja kumchukua. Atasoma huku Mhezi. Huku kuna maziwa, kuna mboga, kuna mimi."

Simu ilikatika. Eunike alimtazama mumewe. Aminieli alikuwa anafuta helmeti yake, anaifuta pale pale palipokwisha kung'aa.

"Sema kitu, Baba Blessing."

"Nimwambie nini mama? Mimi mwenyewe alinilea bibi."

Hapo Eunike alijua jambo ni zito. Upareni kumpeleka mtoto kwa bibi si ajabu. Watu watasema vizuri tu, bibi amepata mtu wa kumtumatuma. Hakuna atakayeuliza kama mama mtu analala usingizi.

Basi Eunike aliamua kuyaharakisha makande. Aliongeza mkaa. Aliongeza magadi, maana magadi hulainisha. Yalipochelewa, aliongeza tena. Siku hiyo makande yaliwahi kweli. Aminieli alitia kijiko kimoja mdomoni, akatafuna polepole kwa heshima.

"Vipi?" aliuliza Eunike.

"Yamelainika."

"Na ladha?"

"Mke wangu, hii sabuni uliyotumia ina povu?"

Blessing alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akarudi kwenye maandazi yake.

Sasa, katika siku hizo za mateso, Eunike alianza kunusa jambo. Alilinusa kwa pua kabisa. Ukuta wa pili aliishi Mwanaidi, mjane anayeuza dagaa sokoni, ambaye watu walimwita Mama Amiri. Mwanaidi alifunga meza yake baada ya Eunike kufunga cherehani. Alifika nyumbani baada ya Eunike kufika. Lakini kabla maji ya Eunike hayajachemka, kwa Mwanaidi kulinukia kitunguu, nyanya, wali. Sahani zikagonganagongana. Halafu kimya. Watu wamekula!

Eunike aliwaza. Labda ana jiko la gesi. Alienda kuomba kiberiti ili achungulie. Aliona jiko la mkaa, dogo kuliko lake. Labda ana msichana wa kazi. Kesho yake alienda kuomba chumvi. Hakuona msichana, aliona paka tu, na paka hapiki. Labda ana ile sufuria ya umeme inayopiga kelele. Siku ya tatu alienda kuomba chumvi tena.

"Mama Blessing," alisema Mwanaidi bila kugeuka, "hiyo chumvi mnaila au mnajengea?"

Eunike aliona aibu, kisha akacheka. "Jirani, nisamehe. Nimekuja kuchungulia."

"Nilijua. Shingo yako imeanza kuwa ndefu. Ingia sasa, uchungulie umekaa."

Eunike alikaa kwenye kigoda. Aliiangalia mikono ya Mwanaidi kama anavyoangalia mshono wa fundi mwingine. Mwanaidi alifunua bakuli. Ndani kulikuwa na choroko zilizovimba, nono, nyingine zimeanza kupasuka maganda.

"Hizi umezipika lini?"

"Sijazipika. Nimeziloweka asubuhi, nikaenda zangu sokoni. Mimi niko kule nabishana na wateja, maji yako huku yananifanyia kazi."

Alimwaga maji yale, akazisuuza, akazibandika. Pembeni alikuwa na dagaa ambao tayari wametolewa vichwa na kuoshwa kwa maji ya moto mchanga ukaisha. Mchicha ulikuwa kwenye ungo, haujakatwa.

"Huo mchicha mbona hukuukata asubuhi pia?"

"Naam, swali hilo." Mwanaidi aliuosha mchicha ukiwa mzima, kisha ndipo akaukata. "Ukikata kwanza halafu ukaosha, uzuri wake unaondoka na maji. Na ukiuchemsha ukamwaga maji, umelisha mtaro. Mtaro wako ndio unanenepa."

Choroko zilipoiva, aliziipua. Aliweka mafuta kidogo kwenye sufuria nyingine, kitunguu, nyanya, dagaa. Mwisho aliweka mchicha, akaugeuza, akafunika kidogo tu. Ulibaki kijani.

"Huweki magadi?"

"Kwenye mboga? Hata punje. Magadi yanaua vitamini. Unabaki na rangi, faida imekwenda."

"Na kwenye makande?"

Mwanaidi alimtazama. Ukuta wao ulikuwa mwembamba. Alikuwa amesikia yote, pamoja na ile ya sabuni.

"Shoga, makande ni chakula kizuri sana. Mahindi na maharage pamoja, utake nini? Lakini yanataka mtu aliye nyumbani. Ukitaka kuyapika, pika Jumapili. Loweka tangu usiku wa Jumamosi, mwaga maji yale, chemsha bila magadi, tia karoti, tia mboga. Siku ya kazi yaache yapumzike. Mtoto halishwi na chakula kilichoko jikoni. Analishwa na kilichofika mdomoni yuko macho."

Eunike alihisi machozi yanakuja. Akamweleza habari za damu, na za Mhezi, na za shule kufunga. Mwanaidi alisikiliza huku anakoroga.

"Na hiyo chai ya jioni," alisema mwishoni, "anakunywa pamoja na chakula?"

"Anakunywa kabla. Siku nyingine pamoja."

"Iondoe hapo. Chai inazuia yale madini ya damu yasiingie mwilini. Hata mimi niliambiwa hivyo kliniki nilipokuwa na mimba ya Amiri, nikabisha, mpaka nikapata kizunguzungu. Badala yake mpe chungwa, au kamulia limau kwenye mboga. Limau na mboga za majani ni marafiki. Chai na mboga ni mawifi."

Eunike alirudi kwake bila chumvi, lakini na kichwa kilichojaa.

Asubuhi iliyofuata alichambua choroko, akatoa mawe, akaloweka. Akamenya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, akaviacha ndani ya maji. Jioni alifika na dagaa wa Mwanaidi, akawasha moto. Aminieli alipoegesha pikipiki, chakula kilikuwa mezani. Alisimama mlangoni, akatoka nje, akatazama nyumba, akaingia tena.

"Nimekosea nyumba?"

"Nawa mikono wewe."

Blessing alikula. Alikula yuko macho, anauliza maswali. Kwa nini choroko ni kijani nje na njano ndani? Kwa nini dagaa wanatolewa vichwa? Dagaa wakiwa hai wanajuana majina? Eunike alitamani maswali yasiishe.

Si kila siku ilikwenda vizuri. Jumatano moja Eunike alikuwa na sare za kwaya za kumaliza, akaondoka alfajiri. Alimwachia Aminieli kazi ya kuloweka. Jioni alifunua bakuli, akashika kiuno.

"Baba Blessing! Umeloweka mchele na choroko pamoja?"

"Si ulisema niandae wali na choroko?"

"Kila kimoja na bakuli lake!"

"Tumboni kuna mabakuli mawili?"

Kuvitenganisha ilikuwa kazi ya kuku. Eunike akaenda ukuta wa pili na bakuli lake mkononi. Mwanaidi alichungulia ndani, akacheka mpaka akaegemea mlango.

"Huo ni mseto, shoga! Watu wanaupika makusudi. Kitunguu, maji, chumvi kidogo, nazi kama unayo, funika. Mwambie shemeji amekuwa mpishi bila kujua."

Mseto ule uliiva kwenye sufuria moja. Aminieli alikula sahani mbili, akitembea na sifa ndani ya nyumba kama mtu aliyejenga daraja. Tangu siku hiyo kuloweka kukawa kazi yake. Yeye ndiye aliyetoka wa mwisho asubuhi, na sasa alikuwa na jina la kulinda.

Hivyo wakaendelea. Siku nyingine mayai na majani ya maboga, na ugali. Siku nyingine wali wa mchele unaolimwa Ndungu na samaki mkavu. Siku nyingine mchicha wa karanga za kusaga. Siku Eunike amechoka kabisa, ilikuwa viazi, mayai na kachumbari, basi. Alikuwa akidhani chakula cha haraka ni cha kitoto, hakina heshima. Alianza kuona kwamba heshima ni mtoto kulala ameshiba chakula.

Vidonge vya damu Blessing alivimeza kama alivyoagizwa. Waliporudi kituo cha afya, muuguzi alipima tena, akatikisa kichwa kwa furaha. "Imepanda. Bado haijafika ninapotaka, lakini imepanda. Endeleeni hivyo hivyo." Eunike alipiga simu Mhezi siku ile ile.

"Imepanda kwenye karatasi," alisema mama mkwe. "Mimi nitaona kwa macho yangu."

Hakusubiri shule ifunge. Siku ya kazi, katikati ya wiki, Eunike alirudi nyumbani akamkuta bibi amekaa barazani, amejifunga shuka la baridi la mlimani, jasho la Same linamtiririka. Pembeni yake kulikuwa na mfuko wa mahindi makavu na maharage, na begi moja tupu, limekunjwa vizuri. Eunike aliliona lile begi kabla hajamwona mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jua linazama na jiko liko baridi. Hapa hamli?"

"Tunakula, mama. Karibu ndani."

Bibi aliweka kigoda katikati ya jiko, mahali ambapo kila mtu lazima amzunguke. Blessing alikaa miguuni pake. Eunike aliwasha mkaa. Alifunua bakuli. Aminieli alikuwa ameloweka, tena choroko peke yake.

"Hizo ni nini?"

"Choroko, mama."

"Najua choroko. Nauliza makande yako wapi."

"Makande ni Jumapili."

Eunike alibandika choroko, na kwenye jiko la pili maji ya ugali. Akaosha majani ya maboga, kisha akakata.

"Hayo yatakuwa magumu bila magadi," alisema bibi.

"Yakitolewa nyuzi hayawi magumu, mama. Na hayakai sana motoni."

"Nani amekwambia?"

"Mama Amiri wa ukuta wa pili. Na nimejaribu mwenyewe."

"Hm."

Bibi alisogeza kigoda. Alitaka kuonekana anakwepa moshi, lakini alisogea kuelekea kwenye sufuria. Eunike alikaanga kitunguu, akatia dagaa. Bibi alinyoosha shingo. Eunike aliiona shingo ile, akaifahamu. Hata yeye aliwahi kuwa nayo.

"Hao dagaa mbona hawana harufu kali?"

"Vichwa vimetoka, mama, na wameoshwa kwa maji ya moto."

"Hm," alisema bibi tena, lakini hii ilikuwa hm nyingine.

Aminieli aliporudi, walikula nje kukiwa bado na mwanga kidogo. Blessing alimega ugali, akachovya kwenye choroko, akakamulia limau mboga zake mwenyewe. Bibi hakula kwanza. Alimtazama mtoto anavyotafuna, kama mtu anayemkagua ndama mnadani. Kisha naye akamega. Akamega tena. Alipomaliza, alifuta sahani kwa tonge la mwisho, akatazama pembeni.

"Bibi," alisema Blessing, "kwa nini Mhezi kuna ukungu na hapa hakuna? Na ukungu unalala wapi mchana? Na wewe ukiwa mdogo ulikuwa unalala na nani?"

Bibi alijibu la kwanza. Akajibu la pili. Mtoto akaleta daftari, akamsomea bibi habari nzima ya punda na sungura, kisha hesabu za kugawanya, akimweleza hatua kwa hatua. Eunike alikuwa akiosha vyombo. Aliposikia upande mmoja umenyamaza, aliacha sahani majini. Akageuka haraka.

Aliyelala ni bibi. Kichwa kimeinama kifuani, mdomo wazi kidogo. Blessing alikuwa bado anamfundisha kugawanya.

Asubuhi Eunike alimkuta mama mkwe ameshavaa. Begi lile tupu halikuwa tupu tena. Eunike alisimama. Alitazama kamba ya nguo. Gauni za Blessing zilikuwa zinaning'inia pale pale, zote.

"Mbona umeshtuka?" alisema bibi. "Nimemwita jirani yako tangu alfajiri. Ameniuzia dagaa. Nimejaza begi lote, kule kwetu wanaofika ni wale wa vumbi."

"Na Blessing, mama?"

"Blessing anasoma hapa. Likizo mtamleta anisalimie, halafu atarudi kwenu." Alikaza fundo la shuka lake. "Nilikuja kuchukua mtoto anayelala lala. Huyu hapa sikumwona."

Eunike alichukua begi, akalibeba yeye.

Walimsindikiza wote mpaka linapopakia gari la Chome. Bibi alipata kiti cha dirishani. Njia nzima hakuwa ameuliza chochote kuhusu mapishi. Alizungumzia mvua, tangawizi, na ng'ombe wa jirani. Gari lilipoanza kuondoka, dirisha lilifunguliwa kwa nguvu, na shingo ndefu ikatokeza.

"Eunike!"

"Naam, mama!"

"Hizo choroko! Unaloweka saa ngapi?"

Eunike alikimbia kando ya gari, kanga inapepea, abiria wote wanamtazama.

"Asubuhi, mama! Ukiamka tu!"